Beetle ya marehemu mzee imelala tangu 2003, tanki limejaa kitu kama lami. Nalisafishaje bila kulitoboa?

Mtoto wa Relini (Jumapili usiku)

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wenu, na mnivumilie, maelezo ni marefu.

Marehemu baba alituachia Volkswagen Beetle ya 1972, injini 1300. Aliipaki nyuma ya nyumba, Kinondoni, mwaka 2003 miguu ilipoanza kumsumbua. Ikakaa chini ya mwarobaini miaka yote hiyo, madereva wakiwa kuku. Mwaka huu nimeamua kuifufua. Sakafu upande wa dereva ilishaliwa na kutu, nimeweka bati jipya. Breki nimefanya zote. Injini tuliitia oili kwenye silinda, tukaizungusha kwa mkono siku mbili, halafu tukamwagia petroli kidogo kwenye kabureta. Ikawaka! Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni anasikiliza ule mlio mpaka tulipoizima. Hakusema neno.

Kwa furaha ile nikaweka lita 10 kwenye tanki bila hata kuchungulia ndani. Hapo ndipo nilipoyakanyaga. Siku ya kwanza ilizima kwenye taa za Morocco. Tukafungua kabureta, jeti (kile kitundu chembamba cha kupitishia mafuta) imeziba. Tukasafisha. Siku ya pili ikazima kabla hata ya kufika barabara kubwa. Mpaka leo kabureta imefunguliwa mara tatu ndani ya wiki mbili, na kila mara namkuta mgeni yuleyule: vumbi la kahawia linalonata kama ulimbo.

Fundi wangu anasema kabureta imechoka, nitafute nyingine. Mimi nimemulika tanki kwa tochi. Chini kuna kitu cheusi kama lami, kuta zina kutu, na harufu si ya petroli tena, ni ya vanishi ya milango. Nikimwambia, anajibu, "basi tia asidi ya betri, dakika ishirini linang'aa." Jirani naye anasema likatwe, lisafishwe, lichomelewe upya.

Nani amewahi kufanya hii kazi? Niko siti ya mbele.

Kiti cha Dirishani

Uzi wa gari bila picha ni pilau bila nyama.

Mtoto wa Relini

Kesho kukicha mkuu, sasa hivi huku umeme umekatika.

IST Nyeupe

Mkuu, uza skrepa uchukue Toyota IST. Nilikuwa na mzee mwenye mapenzi kama hayo, alikufa akidaiwa spea.

Chuma Hakilali

IST tuachie uzi wetu.

Mtoto wa Relini, pole, ila fundi wako anatibu homa na malaria kaiacha. Kabureta haijachoka. Inaletewa uchafu. Hata ukinunua mpya ikiwa kwenye boksi lake, wiki ijayo utakuwa umeinama kwenye taa zilezile za Morocco.

Kilichotokea ni hivi. Petroli ikikaa, sehemu nyepesi zinapaa, nzito zinabaki. Hizo nzito zinashikana na hewa miaka na miaka mpaka zinakuwa gundi. Ndiyo hiyo lami yako na ndiyo harufu ya vanishi. Pale juu ambapo mafuta hayafiki, bati limebaki wazi na unyevu wa pwani, kwa hiyo kutu. Una magonjwa mawili na kila moja lina dawa yake. Gundi haitoki kwa asidi. Kutu haitoki kwa thina. Wengi wanaharibu hapa: wanamwaga asidi juu ya gundi, asidi inakula bati pale palipo wazi na kuiacha lami imekaa kama mwenye nyumba.

Halafu ile petroli mpya uliyoongeza ni kiyeyusho. Inalainisha gundi kidogokidogo na kuipeleka mbele. Ndiyo maana hali inazidi kuwa mbaya kila ukiendesha. Acha kuiwasha.

Bahati yako ni Beetle. Tanki liko mbele chini ya boneti, bolti nne kwenye pembe, halina hata lita hamsini. Mwenye Land Cruiser angelala chini ya gari siku nzima. Kabla ya kugusa chochote chomoa betri, iko chini ya kiti cha nyuma. Bana mpira wa mafuta chini ya tanki kwa klemu. Chomoa waya wa geji, mpira wa kujazia na ule mwembamba wa kupumulia. Kisha toa bolti. Fanyia uwanjani penye upepo, asubuhi, na mtoto asiwepo.

Usilisafishe likiwa ndani ya gari. Nimeona watu wanamwaga thina humohumo na kufungua mpira wa chini. Uchafu mwingine unabaki kwenye kona, mwingine unaingia kwenye bomba linalopita katikati ya sakafu kwenda nyuma kwenye injini, na huko kuutoa ni kazi nyingine.

Tochi ya Kichwa

Na yule jirani wa kukata na kuchomelea mkimbie. Tanki tupu ni hatari kuliko lililojaa. Kinacholipuka ni mvuke, na kwenye tanki tupu mvuke umepata nafasi ya kuchanganyika na hewa. Kuna gereji moja ya mtaani nilikuwa nafanya dei waka, walileta tanki la pikapu "limekaa tupu mwezi mzima". Fundi akagusa na fimbo ya kuchomelea mara moja tu. Kifuniko kilikutwa juu ya bati la nyumba ya tatu. Yeye alipona, sikio moja halisikii hadi leo.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini kama maji. Ukisafisha tanki hapo na jiko la mkaa la mama liko hatua kumi upande wa upepo, umejitengenezea utambi.

Mtoto wa Relini

Daah. Jiko la mama liko kama hatua nane. Nitahamia uwanja wa mbele.

Mwalimu wa Maabara

Samahani kuingilia, mimi ni mwanamke wa kemia, si wa magari. Ila mwaka umenishtua. Umesema gari lilipaki 2003?

Petroli ya miaka hiyo inaweza kuwa ilikuwa na risasi, ile metali nzito yenye sumu. Mkutano wa Dakar wa 2001 ndio uliokubaliana kuiondoa petroli ya risasi Afrika kusini mwa Sahara, na utekelezaji ulikamilika mwanzoni mwa 2006. Kwa hiyo hiyo lami si uchafu wa kawaida. Risasi haiozi wala haipai. Petroli imekwenda, risasi imebaki kwenye mashapo. Hiyo ya zamani ilikuwa ya aina inayopenya hata kwenye ngozi.

Naomba ufanye haya: vaa glovu zile nene za mpira, si zile nyembamba za kliniki, thina inaziyeyusha. Ukikwangua, kwangua likiwa limelowa, usitimue vumbi. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Watoto na kuku wakae mbali. Na hicho utakachomwaga kisiende mtaroni wala chini ya mwarobaini. Kiweke kwenye kopo la bati lenye mfuniko.

Mtoto wa Relini

Dada yangu, asante sana. Hili hakuna fundi aliyenigusia. Na kuku wametaga humo ndani ya gari miaka yote hiyo.

Mwalimu wa Maabara

Tanki lilikuwa limefungwa, mayai mliyokula msiyahofie. Wasiwasi wangu ni kuanzia sasa unapolifungua.

Chuma Hakilali

Mwalimu kanifundisha na mimi. Nimewahi kusafisha matanki mawili ya zamani kwa mikono mitupu nikijiona mwanaume.

Kiti cha Dirishani

Mafuta ya zamani tena yalikuwa yanachakachuliwa kwa mafuta ya taa. Mnakumbuka mpaka serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa 2011 ili kuua mchezo? Hilo nalo linaacha masalia mazito.

Chuma Hakilali

Uchakachuaji ulivuma baadaye kidogo, ila haibadilishi kitu. Hata kama kuna mafuta ya taa humo, thina inachukua vyote.

Haya, kazi yenyewe. Kwanza toa kilichomo. Halafu fungua skrubu za geji juu ya tanki, toa floti yake (kile kiboya kinachoelea), iweke pembeni isilowe. Chini kwenye mdomo wa kutokea kuna chujio dogo la wavu, nalo litoe. Nina hakika limeziba au limeoza.

Ziba matundu. Tia lita tatu au nne za thina ya rangi ya gari, ile inayouzwa kwa wapaka rangi. Ukipata asetoni ni bora zaidi lakini inapaa upesi na bei yake haina adabu. Likalie upande mmoja masaa kadhaa, geuza, upande mwingine, geuza. Usiku lilale juu chini, maana gundi iko hata kwenye dari. Asubuhi chukua mnyororo, ule mwembamba wa kufungia baiskeli, kama mita mbili, uingize na utikise. Watu wanatumia kokoto au nati. Kokoto zinaacha vumbi. Nati usipozihesabu, moja itabaki ikigonga ndani kila ukipiga kona, na utanikumbuka. Mnyororo unautoa wote kwa mkupuo.

Mwaga kupitia kitambaa cheupe uone kinachotoka. Rudia mpaka thina itoke ya rangi ya chai ya maziwa badala ya kahawa. Mara mbili au tatu kwa hali uliyoeleza.

Baada ya hapo osha kwa maji ya moto na sabuni ya unga nyingi. Hapo ndipo tutakapozungumza habari ya kutu.

Mzee wa Magurudumu

Vijana, mmenikumbusha mbali. Hiyo gari mnayoiita ya kuku ilishinda Safari Rally 1953, mwaka ule ilipoanza, ikarudia 1954, 1957 na 1962. Wakati huo mashindano yanapita Kenya, Uganda na Tanganyika, na barabara ni tope. Mimi nilikuwa mtoto. Tulikuwa tunakaa kando ya barabara tangu usiku kusubiri taa.

Kijana, usiiuze.

Mtoto wa Relini

Shikamoo mzee wangu. Siiuzi.

Mzee wa Magurudumu

Marahaba.

Mtoto wa Relini (Jumamosi jioni)

Mrejesho wa kwanza, na nimekuja na aibu.

Tanki lilitoka kwa dakika arobaini. Bolti moja iligoma, tukailoweka oili ya kupenyeza. Kilichomwagika: lita saba hivi rangi ya chai ya mkandaa, kisha mashapo meusi mazito kama asali, kama kopo la maziwa ya unga hivi. Yote yamefungwa kwenye bati la rangi, Mwalimu. Chujio la chini lilikuwa limebaki duara la waya tu, wavu wenyewe haupo. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa kinapita huru mpaka kabureta.

Thina mara tatu, mnyororo, mikono inauma. Mara ya tatu ilitoka karibu safi. Kutu ikabaki peke yake, nyekundu, imejipanga kama ramani.

Aibu yangu inaanzia hapa. Chuma Hakilali alisema tutazungumza habari ya kutu. Sikusubiri. Fundi alikuja na asidi ya betri, akaichanganya na maji (nashukuru alitia asidi kwenye maji, si maji kwenye asidi), akamimina. Povu. Dakika ishirini kweli, tukamwaga, ndani linang'aa kama sufuria la harusi. Tukasuuza mara moja, magharibi ikaingia, tukaliacha likauke lenyewe mpaka asubuhi.

Asubuhi ndani rangi ya chungwa tupu. Kutu mpya kila mahali, hata palipokuwa pazima. Halafu nikaweka taa ndani chumba kikiwa giza, nikaona nyota moja chini karibu na mdomo. Tundu la sindano.

Kiti cha Dirishani

Si tulisema.

Chuma Hakilali

Usimcheke, kila mtu ana tanki lake aliloliua. Mimi langu lilikuwa la Datsun.

Iko hivi, mtoto wa relini. Asidi ya betri haitofautishi kutu na bati. Ikimaliza kutu inaendelea na chakula. Tundu hilo halikuzaliwa jana, kutu ilishatoboa na yenyewe ndiyo ilikuwa imeziba, asidi imeifungua tu. Afadhali umeliona nyumbani kuliko chini ya boneti petroli ikidondokea miguu ya abiria.

Na chungwa la asubuhi ni kwa sababu bati lililovuliwa nguo halina kinga yoyote, na hewa ya Dar ni maji tupu. Halihitaji usiku kucha. Nusu saa linaanza kubadilika. Ukitumia asidi yoyote lazima uwe umejipanga: unamwaga, unasuuza kwa maji yenye magadi ili kuua asidi iliyobaki, unasuuza tena, unakausha hapohapo kwa hewa, unapaka mafuta. Bila kwenda kula katikati.

Fundi Rejeta

Mimi nipo Ilala natengeneza rejeta mwaka wa 19. Matanki naletewa sana. Nasema machache.

Sisi tunachemsha kwenye kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni. Pipa, maji, kostiki, kuni chini. Linakaa masaa. Gundi yote, rangi yote ya nje, mafuta yote yanatoka, na mvuke wa petroli unakwisha. Ila kostiki inaunguza jicho, si ya kufanyia nyumbani. Na kitu cha aluminiamu usiniletee, kitayeyuka mle.

Tundu dogo usichomelee. Lehemu. Mimi natumia chuma cha kulehemu cha shaba kizito, nakipasha moto mbali, nakuja nacho. Mwali haufiki kwenye tanki. Risasi ya kulehemu inashika vizuri kama bati limekwanguliwa likawa jeupe.

Gundi za bomba mbili za kuchanganya zile wanazopaka kwa nje zinashika mwaka mmoja, halafu zinaachia.

Mtoto wa Relini

Fundi, uko Ilala sehemu gani?

Fundi Rejeta

Nimekutumia ujumbe wa pembeni.

Nyuki wa Sinza

Kwa kutu mimi sikutumia asidi. Nilitumia umeme. Nawaeleza maana vitu vyote vinapatikana hapahapa na havizidi kelele za IST hapo juu.

Unahitaji chaja ya betri ya 12 volti ya zamani (za kisasa zenye akili zinagoma), kipande cha nondo, maji na magadi. Haya magadi ya kupikia maharage yanafaa. Vijiko vikubwa kumi kwenye tanki lako vinatosha. Tanki lioshwe kwanza kabisa kabisa, lisiwe na hata harufu ya petroli wala thina. Jaza maji ya magadi. Shusha nondo kupitia tundu la geji, uizungushie mpira pale inapopita ili isiguse bati hata kidogo. Hasi ya chaja inafungwa kwenye tanki. Chanya inafungwa kwenye nondo. Ukikosea hapo, tanki ndilo litaliwa na nondo itapona, kwa hiyo angalia mara mbili.

Unawasha, mapovu yanaanza. Hayo mapovu ni hidrojeni, inalipuka, kwa hiyo nje, bila moto, na ukitaka kuchomoa waya zima chaja kwanza. Masaa sita, unatoa nondo, utaikuta imevimba uchafu, unaikwangua unarudisha. Mimi nilienda siku mbili. Kutu inageuka unga mweusi laini unaotoka kwa maji. Bati zima haliguswi.

Kasoro yake ni kwamba umeme unafanya kazi pale nondo "inapoona". Kona iliyojificha inabaki, itabidi uinamishe nondo au uihamishe. Na msitumie chuma kisichoshika kutu badala ya nondo. Kinatoa sumu kwenye maji.

Mwalimu wa Maabara

Nyuki yuko sahihi hata hilo la mwisho, sumu hiyo ni kromiamu ya aina mbaya. Nondo ya kawaida inatosha.

Asiyekuwa na chaja anaweza kutumia asidi ya sitriki ya unga, ile wanayonunua watengeneza juisi Kariakoo. Gramu 50 kwa lita moja, maji ya uvuguvugu, usiku mmoja. Ni pole kuliko ya betri. Siki ya dukani nayo inafanya kazi ila inataka siku mbili na subira.

IST Nyeupe

Na ukwaju?

Mwalimu wa Maabara

Ukwaju unang'arisha shaba vizuri. Kwa tanki zima utahitaji gunia, na mchuzi wake utanata kuliko hiyo lami.

Nyuki wa Sinza

Nimecheka peke yangu kwenye daladala.

Mtoto wa Relini (Jumatano, wiki mbili baadaye)

Mrejesho wa pili. Nimekuwa kimya kwa sababu nilikuwa natii.

Nilipeleka tanki Ilala kwa Fundi Rejeta. Kwanza alinusa, akasema "umelisafisha vizuri, umelikausha vibaya." Akalichemsha kutwa. Lilipotoka nje lilikuwa bati tupu la kijivu, rangi yote ya Wajerumani imekwenda. Akalehemu lile tundu na lingine dogo ambalo mimi sikuliona. Akaziba midomo, akapuliza hewa kidogo akiwa amelizamisha kwenye maji. Hakuna povu.

Nikalirudisha nyumbani, nikafanya ya Nyuki kwa siku moja na nusu. Nondo ilitoka imenenepa kama muhogo. Nikasuuza kwa mpira wa bomba mpaka maji yakawa meupe, nikatia spiriti nusu lita nikalizungusha ili ivute maji yaliyojificha, nikamwaga. Kisha jua la saa saba na kompresa ya jirani inapuliza ndani, mimi nimesimama nalo kama mlinzi. Saa moja tu. Lilipokauka nikatia lita moja ya petroli iliyochanganywa na oili ya pikipiki ya mipigo miwili, nikaligeuza kila upande mpaka ndani kote kumepata mafuta. Asubuhi nikamulika: kijivu. Hakuna chungwa.

Nje nimepiga rangi ya kuzuia kutu, mikono miwili.

Swali la mwisho: kuna wanaosema nipake ile dawa ya ndani ya tanki inayoganda kama plastiki, inayoagizwa nje. Nipake?

Chuma Hakilali

Hongera sana kwanza.

Kuhusu ile dawa, mimi sikubaliani nayo kwa tanki ambalo bati lake bado lina afya. Ikipakwa kwenye bati safi kavu kabisa inakaa miaka. Ikipakwa kwenye bati lenye tone la unyevu au mafuta, inabanduka kwa vipande, na vipande hivyo vinaenda kuziba mdomo wa kutokea. Utakuwa umebadilisha lami kwa plastiki. Wewe umeshalipaka mafuta, kulivua tena ni thina upya. Na wewe na thina mmeshaagana.

Tanki lako dawa yake sasa ni kujaa. Usiliache robo. Nafasi tupu ndiyo inayovuta unyevu.

Ila bado hujamaliza. Bomba.

Mtoto wa Relini

Bomba lipi tena mkuu?

Chuma Hakilali

Lile la chuma linalopita ndani ya sakafu kutoka mbele kwenda nyuma. Lami imepita humo wiki mbili za safari zako za Morocco. Fungua ncha zote mbili, pitisha thina kwa sindano kubwa, iache nusu saa, kisha puliza kutoka nyuma kuja mbele kwa hewa ndogo. Kinga kwa kitambaa. Utaona.

Mipira yote ya mafuta badilisha, hata ile inayoonekana mizima. Ile ya kusokotwa nje inapasuka ndani kabla hujaona. Beetle nyingi zilizoungua ziliungulia hapo: mpira umepasuka juu ya injini ya moto. Filta ya plastiki usiifunge kule nyuma karibu na injini kama wengi wanavyofanya. Uzito wake unavuta mpira, siku moja unachomoka. Ifunge mbele chini ya tanki, au nyuma kabla mpira haujaingia chumba cha injini.

Kabla ya kufunga tanki, iwashe kwanza kwa kidumu cha petroli safi uone kabureta na pampu zinasemaje zenyewe.

Mtoto wa Relini (Jumapili)

Wakuu, lile bomba! Nilidhani Chuma ananisumbua tu. Kilichotoka ni kipande kirefu cha ulimbo mweusi, kama mnyoo, sentimita kumi hivi. Mdogo wangu amekimbia. Picha nimeweka, Kiti cha Dirishani usiseme tena.

Pampu ngozi yake ilikuwa imekakamaa, nimebadilisha. Kidumu, ikawaka. Tanki, ikawaka. Filta mpya iko chini ya tanki, ya kioo, nikifungua boneti naiona kwa kuinama tu.

Jana nimekwenda Kigamboni kupitia daraja na kurudi. Leo asubuhi Bagamoyo, mama amekaa mbele na kanga yake ya Jumapili, karibu kilomita 130 kwenda na kurudi. Haijazima. Filta ina punje tatu za kahawia, nimezihesabu.

Mzee wa Magurudumu

Mama alisemaje?

Mtoto wa Relini

Kimya mpaka Bunju. Halafu akasema baba alikuwa anapita mashimo taratibu kuliko mimi.

Kiti cha Dirishani

Picha nimeiona. Nilikuwa nakula tambi.

IST Nyeupe

Ukiamua kuuza nistue.

Mtoto wa Relini

IST, wewe tulia na skrepa zako.

Kuna mawili yamebaki. Geji ya mafuta: tanki likiwa limejaa inasoma nusu, likiwa nusu inasoma nusu. Floti nadhani imetoboka, nikiitikisa inasikika maji. Mwenye nayo, hata iliyotumika, anitafute. La pili, lile bati la lami lenye risasi bado liko nyuma ya choo limefungwa, nimeliandikia HATARI kwa rangi nyekundu, na mama anauliza kila siku linaondoka lini.

Mwalimu wa Maabara

Lisiguswe na lisilowe mvua. Naulizia kazini kwetu, Jumatatu nakujibu.